Uzi: Kamanda wa polisi wa jiji anapotathmini mwaka wa polisi jamii, ahesabu nini?

Katibu wa Lindo (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kila mwaka unapokaribia kwisha, kamanda wa polisi wa jiji letu la Dar es Salaam huwaita waandishi wa habari na kuwasomea tathmini. Sote tunaijua taarifa ile. Makosa makubwa ya jinai yamepungua kwa asilimia kadhaa, silaha zimekamatwa, kete za dawa za kulevya na madumu ya gongo yamepangwa mezani yapigwe picha, na mwishoni kabisa linakuja fungu fupi la kuwashukuru wananchi kwa ushirikiano wao kupitia polisi jamii, yaani ule utaratibu wa polisi na wakazi kulinda mtaa pamoja. Baada ya hapo tunakumbushwa kwamba disko toto ni marufuku na kwamba atakayechoma matairi usiku wa mwaka mpya atakiona.

Nimeamua kuandika kwa sababu naamini fungu lile fupi la mwisho ndilo lingefaa kuwa taarifa yenyewe, na hayo mengine yakafuata. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa upande wa Temeke, na kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za ulinzi shirikishi. Ningependa tujadili kwa utulivu: kiongozi wa polisi akikaa chini kuutazama mwaka mzima wa polisi jamii, ahesabu nini ndipo ajue kama kazi imefanyika?

Kwa walio wadogo, polisi jamii kama mpango rasmi wa Jeshi la Polisi ulishika kasi mwaka 2006, Said Mwema alipoteuliwa kuwa Inspekta Jenerali. Maboresho yake yalisimama juu ya nguzo tatu, yaani weledi, usasa na polisi jamii. Mwaka wenyewe ulikuwa umeanza vibaya mno. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva teksi waliuawa hapa Dar es Salaam, na walioshtakiwa kwa mauaji hayo walikuwa maofisa na askari wa polisi. Jeshi lilihitaji kurudi kwa wananchi wakati ambapo wananchi walikuwa na kila sababu ya kurudi nyuma.

Lakini wazo la raia kujilinda halikuanzia hapo. Mabalozi wa nyumba kumi tumekuwa nao tangu miaka ya 1960. Sungusungu walizuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na sheria ikaja kuwatambua mwaka 1989, wakati wao walikuwa wameshakamata watu na kutoza faini kwa miaka kadhaa. Mzee Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990, lindo la sungusungu lilihimizwa mpaka mijini, na wakati huo, kwa waliokuwapo, karibu kila tatizo nchini lilipewa siku saba liwe limekwisha. Kwa hiyo mwananchi wa Tanzania hajawahi kukataa kulinda mtaa wake. Anachokataa ni kulinda mtaa, kutoa taarifa, kisha kukaa kimya akisubiri jibu ambalo haliji.

Nieleze kwa mfano. Daftari letu la lindo ni lile kubwa lenye jalada gumu, na tumelichora kwa rula safu tano: tarehe, saa, tukio, hatua iliyochukuliwa, na majibu ya polisi. Fungua ukurasa wowote. Utasoma, kwa mwandiko wa kijana aliyekuwa zamu, kwamba saa nane na dakika arobaini usiku wamekutwa vijana watatu nyuma ya shule na betri ya gari, mmoja amekimbia, wawili wamepelekwa kituoni pamoja na betri, RB (namba ya taarifa ya polisi) imetolewa. Safu nne zimejaa wino. Safu ya tano ni nyeupe, na ukigeuza kurasa utakuta weupe huo unashuka hivyo hivyo kutoka juu hadi chini. Hatima ya kesi ya betri tuliipata kwa mama anayeuza vitumbua, ambaye ni jirani wa shangazi wa mmoja wa vijana hao.

Hebu fikirini maana yake kwa kijana aliyekesha. Yule aliyemkamata anamwona kijiweni baada ya siku mbili, anacheza drafti. Huenda amepewa dhamana, ambayo ni haki yake kisheria. Huenda upelelezi unaendelea. Huenda betri ilikuwa yake kweli. Lakini kwa kuwa hakuna aliyekuja kueleza, kijana wa lindo anabaki na jibu moja tu, kwamba mtu ametoa hela. Na akishaamini hivyo, safari ijayo hatampeleka mtu kituoni.

Hapa ndipo ninapotaka kamanda aanze hesabu yake. Ahesabu wezi waliofikishwa kituoni na wananchi wakiwa hai. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Jiji hili lina historia mbaya ya neno "mwizi" kupigwa kelele na dakika chache baadaye mtu yuko chini, na taarifa ya polisi inaandikwa kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Mtaa ambao umeacha kuua watuhumiwa umefanya hivyo kwa sababu unaamini kwamba kule unakompeleka mtu kuna kitu kitafanyika. Sijui kipimo kingine cha imani kwa polisi kilicho wazi kuliko hicho, na sijawahi kukisikia kikisomwa kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka.

Jambo la pili ni usiri. Mkazi mmoja alikwenda kituo fulani, ambacho sitakitaja, kueleza kuhusu nyumba inayouza dawa za kulevya. Kabla ya magharibi mwenye nyumba alikuwa ameshamtumia salamu, tena kupitia mtoto wake mwenyewe aliyetumwa dukani. Familia ile imehama. Tangu siku hiyo mtaa wote unajua kuna nyumba ya dawa, na hakuna anayejua chochote. Asije mtu akatuambia ni woga. Tuliona mwaka 2017 Kibiti na Rufiji, ambako wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na kudhaniwa tu kuwa unazungumza na polisi kulitosha kukuponza.

La tatu, na hili nalisema kwa uchungu, polisi jamii yetu huamka kwa kishindo na kulala kimya kimya. Tarehe 2 Januari 2015 jiji lilifunga maduka jioni kwa hofu ya Panya Road, makundi ya vijana waporaji. Kwa maelezo yaliyotolewa wakati ule, vijana wale walikuwa wakitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi. Kila mtaa ukaunda lindo. Mwaka 2022 Panya Road wakarudi, na viongozi wa mkoa wakahimiza tena mitaa ifufue ulinzi shirikishi. Neno "kufufua" linaeleza lenyewe kilichotokea katikati.

Naomba michango yenu, hasa ya waliowahi kuwa ndani ya Jeshi.

Mstaafu wa Doria

Katibu, nimekusoma mstari kwa mstari. Nilitumikia Jeshi la Polisi hadi kustaafu, na miaka yangu ya mwisho niliimalizia katika nafasi ya uongozi kwenye mojawapo ya wilaya za kipolisi za mjini. Tathmini za aina hiyo nimeziandaa kwa mkono wangu. Nitakujibu kwa kueleza mwaka wa kwanza nilioutumia kusimamia polisi jamii, kwa sababu ulinifundisha mambo ambayo chuoni Moshi hatukufundishwa.

Tulianza kwa mikutano ya mitaa, na nilikwenda na hotuba juu ya wezi. Wananchi hawakutaka kuzungumza juu ya wezi. Walizungumza juu ya askari wangu. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akauliza kwa adabu sana kwa nini dhamana imeandikwa ukutani kwamba haina malipo lakini kaunta inauliza "umekuja na nani". Mwingine akauliza kwa nini gari la doria likipigiwa simu halina mafuta, na likionekana kwenye vijiwe vya pombe lina mafuta. Mkutano ukacheka, askari niliokuja nao wakanuna. Njiani kurudi, mmoja aliniambia kwamba afande ametupeleka kutukanwa. Nilikaa na kauli hiyo muda mrefu, kwa sababu kijana yule alikuwa askari mzuri, mwenye familia ya watu watano katika chumba kimoja cha kota, na hakuwa ameomba rushwa kwa mtu yeyote.

Polisi jamii inaposemwa kwenye semina inaonekana ni jambo la kumbadilisha mwananchi. Mwaka ule kazi kubwa ilikuwa kumbadilisha askari, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kumtetea.

Ukafika mwisho wa mwaka. Makosa yaliyoripotiwa katika eneo langu yalikuwa yamepanda. Wizi mdogo ulipanda, na shambulio la kudhuru mwili likapanda zaidi. Nilijua sababu, kwa kuwa watu waliokuwa wakinyamaza walikuwa wameanza kuja. Mama ambaye zamani angekandwa na maji ya moto na kunyamaza sasa alikuja kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali. Lakini katika jedwali hakuna safu ya sababu. Kuna mwaka jana, mwaka huu, na tofauti. Niliulizwa mbele ya wenzangu kwa nini uhalifu umeongezeka kwangu wakati jirani yangu umepungua, na jirani yangu huyo hakuwa amefanya mkutano hata mmoja.

Katibu, hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Mkuu wa kituo akijua kwamba namba ikipanda ataulizwa na ikishuka atapongezwa, hahitaji kufundishwa namna ya kuishusha. Anachohitaji ni karatasi ya pembeni ya kuandikia malalamiko badala ya kitabu cha taarifa. Kwa hiyo kamanda anayetaka kweli kuupima mwaka wa kwanza wa polisi jamii lazima awe na ujasiri wa kusimama mbele ya waandishi na kusema kwamba taarifa zimeongezeka na kwamba hiyo ni habari njema. Sijamwona bado.

Niongeze mawili kwa upande wetu. La kwanza ni uhamisho. Mkoa wa Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, una watu 5,383,728 katika kata 102. Gawanya, utapata wastani wa watu zaidi ya 52,000 kwa kata moja. Huyo mkaguzi anayepelekwa kuwa polisi kata ana watu wengi kuliko miji mingine ya wilaya, na akishawajua wenyeviti, wajumbe, maimamu, wachungaji na vijana wa vijiweni, signali inaingia kwamba amehamishiwa mkoa mwingine. Anayekuja anaanza na kujitambulisha.

La pili ni ninyi. Mnapiga simu usiku, tunakuja, tunakamata, faili linafika mahakamani, na shahidi haonekani. Kesi inaahirishwa, shahidi anatafutwa, simu yake haipatikani, mshtakiwa anaachiwa, na mtaa unasema polisi wamekula. Tangu 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ulizeni katika mikutano yenu ni wakazi wangapi wamewahi kusikia kwamba ipo.

Dereva wa Kijiweni

Shikamoo mzee wetu mstaafu, na Katibu pokea salamu.

Mimi ni dereva wa bodaboda, na nimehudhuria mikutano ya polisi jamii kama mwakilishi wa kijiwe chetu. Ninachotaka kusema hakimo katika mchango wa yeyote kati yenu. Asubuhi tunakimbizana na askari barabarani, pikipiki zinabebwa kwenye gari, anayelipa faini analipa na anayejua njia nyingine anaitumia. Jioni ya siku hiyo hiyo tunaitwa ukumbini, tunapewa maji ya chupa na kuambiwa kwamba sisi ni wadau muhimu, macho na masikio ya Jeshi. Ni kweli tunaona mengi. Nani kahamia na mizigo gani, nani anapelekwa wapi saa tisa usiku, tunajua. Lakini mtu hawezi kuwa mdau kuanzia saa kumi jioni tu.

Kamanda akihesabu mwaka wake, ahesabu pia mara ngapi kikosi cha usalama barabarani kilikaa meza moja na polisi kata kujadili kijiwe kimoja. Kwetu sisi raia wote hao ni polisi. Kwao, naona kila mmoja ana bosi wake.

Mama wa Genge

Kaka zangu, nimesoma na nimeona hesabu zenu zote zinafanyika usiku na nje ya nyumba. Betri za gari, Panya Road, doria. Kamati yetu ya mtaa hukutana saa tatu usiku, na wanawake tuliomo ni wachache kwa sababu muda huo tunafunga genge, tunalaza watoto, na wengine wana waume ambao hawawezi kusikia habari ya mke kwenda lindo. Matokeo yake ajenda ni zile zile, na mambo yanayotuumiza sisi yanaitwa ya ndani.

Naomba nieleze nilichokiona. Jirani yangu alipigwa na mumewe mpaka sikio likatoa damu. Tulikwenda naye kituoni. Kaunta ilikuwa na watu, na askari akamuuliza kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, amefanya nini hadi apigwe. Mama yule aliangalia chini akasema ameanguka. Ilibidi nimshike mkono nimzungushe nyuma, kwenye chumba cha Dawati la Jinsia na Watoto, ambako tulimkuta askari wa kike aliyefunga mlango kabla ya kuuliza jambo lolote. Alimpa kiti, akampa na maji, ndipo akaanza kuandika. Kituo ni kimoja na siku ni moja, na umbali kati ya kaunta na chumba kile ni hatua chache tu, lakini mama mmoja huyo huyo alitoa maelezo mawili tofauti.

Kwa hiyo afande mstaafu, nakubaliana nawe kwamba namba zikipanda inaweza kuwa habari njema. Ila nakuomba uangalie zinapandia wapi. Kama taarifa za dawati zinapanda na za kaunta zinabaki pale pale, kamanda ameshaambiwa tatizo liko mlango gani.

Halafu kuna yale ya "mkayamalize nyumbani". Serikali ya mtaa inasema hivyo, wazee wanasema hivyo, na wakati mwingine hata askari. Mwanamke anarudi kuyamaliza nyumbani na mtu yule yule aliyeyaanzisha.

Mpita Njia

Mnazungumza vizuri, lakini hamjagusa fedha. Kila nyumba kwetu inatoa mchango wa ulinzi kila mwezi, na kwa asiyetoa, filimbi hupigwa mlangoni kwake usiku kucha ili akose usingizi. Risiti hakuna. Vijana wa lindo nao wameanza kumpiga mtu yeyote anayepita saa sita usiku bila hela mfukoni. Hao nao ni polisi jamii? Na wakimvunja mtu mkono, anashtakiwa nani?

Katibu wa Lindo (mleta mada)

Nashukuru kwa michango. Nijibu kwa kadiri ninavyoweza.

Mpita Njia, kijana wa ulinzi shirikishi ni raia kama wewe. Hana mamlaka ya kupekua mfuko wako, kukutoza wala kukuweka ndani, na akikuvunja mkono anashtakiwa yeye mwenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wao hawajawahi kuambiwa hivyo. Wanapewa koti la kuakisi mwanga, tochi na rungu, mwenyekiti anawapa nasaha dakika kumi, na usiku huo huo wako barabarani. Katika mtaa wetu tulikubaliana kwamba hakuna anayeingia zamu kabla ya kusikilizishwa na polisi kata mambo mawili: lini anaruhusiwa kukamata, na kwamba lazima akabidhi mara moja. Waliobaki baada ya hapo walikuwa wachache kuliko walioanza, na sikusikitika. Kuhusu fedha, orodha ya waliochangia na matumizi tunaibandika kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Manung'uniko hayajaisha, lakini sasa watu wananung'unika juu ya bei ya betri za tochi, jambo ambalo naliona ni maendeleo.

Mama wa Genge, umenifanya nilitazame daftari upya. Ni kweli kabisa, hakuna hata tukio moja la ndani ya nyumba lililoandikwa humo, na mtaa wetu si wa malaika. Sidhani hata hivyo kwamba mambo hayo yaandikwe kwenye daftari linalosomwa na kila kijana wa zamu. Hilo lina njia yake, na ninachoweza kufanya ni kupeleka hoja kwamba kamati ikutane pia Jumamosi mchana, na kwamba ofisa wa dawati aje kwetu badala ya kusubiri tumfuate.

Afande mstaafu, kwa heshima zote, sikubaliani nawe kuhusu mashahidi kwa namna ulivyoiweka. Shahidi anayekataa kwenda mahakamani mara nyingi ni yule yule aliyetoa taarifa akaona jina lake limefika kwa mshtakiwa. Umesema kuna sheria, nami nasema sheria hiyo inaanza kufanya kazi au kufa pale pale kaunta, siku ya kwanza, askari anapouliza jina kwa sauti. Kwenye uhamisho tuko pamoja. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilipotoa mapendekezo yake mwaka 2023, mjadala ulikwenda kwenye mambo makubwa ya muundo wa Jeshi, na ni sawa. Lakini mimi wa mtaani ningefurahi hata na jambo dogo, kwamba polisi kata asihamishwe kabla ya kumkabidhi mwenzake kata kwa kutembea naye, mtaa kwa mtaa, akimwonyesha watu.

Mstaafu wa Doria

Katibu, hoja ya kaunta naipokea. Nimekaa upande wa ndani wa kaunta hiyo na najua inavyosikika ukiwa upande wa nje.

Turudi kwenye swali la uzi. Kama ningepewa leo dakika tano na kamanda wa jiji anayeandaa tathmini yake, ningemwomba aache jedwali la kulinganisha miaka likae kiambatisho, na aanze na safu yako ya tano. Kila kata ilete idadi ya taarifa zilizopokelewa kutoka kwa wananchi, na idadi ya zile ambazo mtoa taarifa alirudishiwa jibu, hata kama jibu ni kwamba mtuhumiwa ana dhamana na kesi inatajwa tarehe fulani. Hili halihitaji bajeti wala gari. Linahitaji simu ya polisi kata na kalamu. Mkuu wa kituo akijua kwamba mwisho wa mwezi ataulizwa idadi hiyo, atapiga simu. Askari tunafanya kile tunachoulizwa, na hilo nalisema bila aibu.

Dereva, suala lako ni gumu kuliko unavyodhani. Kila kikosi kina amri zake na malengo yake, na mkuu wa polisi wa wilaya ndiye anayeweza kuwaita pamoja, lakini faini zina shinikizo lake kutoka juu. Nisikudanganye kwamba mkutano mmoja utalimaliza.

Dereva wa Kijiweni

Nimekuelewa mzee. Angalau umesema ukweli. Swali moja kwa Katibu: hilo jibu likirudi, litarudi kwa nani? Mkilileta kwa mwenyekiti wa mtaa, sisi wengine hatutalisikia, maana mwenyekiti ana watu wake, na tangu uchaguzi wa serikali za mitaa kuna upande mzima wa mtaa haukanyagi ofisini kwake.

Katibu wa Lindo (mleta mada)

Umegusa pagumu. Balozi wa nyumba kumi amebaki kuwa kiongozi wa chama tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, na mwenyekiti wa mtaa naye anachaguliwa kwa tiketi ya chama, kwa hiyo taarifa ikipitia kwao peke yao kuna watu watahisi wanachunguzwa badala ya kulindwa. Kwetu tumeanza hivi: tukio linalohusu mtaa mzima linajibiwa kwenye mkutano wa hadhara, polisi kata akisimama mwenyewe, na lile linalomhusu mtoa taarifa mmoja polisi kata anampigia moja kwa moja, bila jina lake kupita kwangu wala kwa mwenyekiti. Kwenye daftari naandika namba ya tukio na neno "amejibiwa". Mwenyekiti hakulipenda wazo hilo, alidai anapitwa katika mtaa wake mwenyewe, na tulibishana naye vikao viwili. Bado anataka aonyeshwe majina. Mkutano ujao ajenda hiyo ipo, na kijiwe chenu, kama kipo upande wa Temeke, mnakaribishwa kuja kusema mlichosema hapa.